Hisani na Haki: Mafunzo ya Machimbo ya Shaba ya Katanga

Katika lugha yetu neno tajiri lina maana mbili ambazo mara nyingi hatuzitenganishi. Kwanza, tajiri ni mtu mwenye mali nyingi. Pili, tajiri ni mwajiri, yaani mtu ambaye mwingine humfanyia kazi na kupokea ujira mkononi mwake. Mtumishi husema "tajiri wangu" hata kama huyo tajiri hana mali ya kutisha. Asili ya neno ni Kiarabu, na huko lilimaanisha mfanyabiashara tu. Kwa hiyo neno hili moja limebeba historia ndefu: mfanyabiashara amegeuka kuwa mwenye mali, na mwenye mali amegeuka kuwa mkuu wa maisha ya watu wengine. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila kizazi hulirudia: tajiri ana dhima gani kwa wale wanaomfanyia kazi, na kwa jamii inayomzunguka?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, si kwa njia ya mahubiri. Mfano tunaoutumia ni wa machimbo ya shaba ya Katanga, kusini-mashariki ya Kongo, na sababu za kuuchagua ni tatu. Kwanza, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi na ya nyumbani katika miji ile ya machimbo, hata watu wa makabila mengi wasioelewana kwa lugha za mama zao wakaelewana kwa lugha hii. Pili, waliokwenda kuchimba shaba ile hawakuwa Wakongo peke yao. Walitoka pia Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Tatu, kampuni iliyotawala machimbo hayo ilijulikana duniani kwa huduma ilizowapa wafanyakazi wake, na wakuu wake walijivunia sifa hiyo. Basi tukitaka kupima thamani na mipaka ya wema wa tajiri, hatuna haja ya kutafuta mahali pengine.

SHABA KABLA YA KAMPUNI

Shaba ya Katanga haikugunduliwa na Wazungu. Karne nyingi kabla ya kufika kwao, mafundi wa nchi hiyo, wakiwamo Wasanga, walichimba mawe ya kijani yenye shaba, wakayayeyusha katika matanuru ya udongo, na kusubu misalaba midogo ambayo ilipita mikono mingi kama fedha. Kazi hiyo ilikuwa na majira yake. Ilifanywa wakati wa kiangazi, shughuli za shamba zilipopungua, na mchimbaji alibaki kuwa mkulima. Akirudi kijijini alilikuta shamba lake, ukoo wake na wazee wake. Maisha yake yote hayakutegemea tanuru.

Katikati ya karne ya 19 alifika Msiri, aliyetokea magharibi ya Unyamwezi, akajenga dola ya Wayeke na kuufanya Bunkeya kuwa mji wake mkuu. Misafara ikawa inakwenda na kurudi, ikibeba shaba, pembe za ndovu na watumwa. Tusimsifu Msiri kupita kiasi, kwa maana utajiri wake ulijengwa pia juu ya migongo ya watu waliouzwa. Lakini ni katika zama hizo za misafara ndipo Kiswahili kilipoanza kusikika katika nchi hiyo. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na ofisa wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na Katanga ikatiwa katika Dola Huru ya Kongo.

KAMPUNI YAZALIWA

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906 kwa mtaji wa Wabelgiji na Waingereza. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910. Mwaka huohuo ulianzishwa mji wa Elisabethville, ambao leo unaitwa Lubumbashi. Na mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Shaba ilikuwa tele, lakini watu walikuwa wachache. Ndiyo maana mwaka 1910 iliundwa ofisi maalumu ya kuandikisha wafanyakazi, iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga. Mawakala wake walizunguka vijijini, wakazungumza na machifu, na kurudi na misururu ya vijana. Wengine wengi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 1925 kampuni ilipeleka macho hata Ruanda-Urundi, na maelfu ya vijana wa milima ile wakaandikishwa kwenda kwenye machimbo.

Mikataba ya siku hizo ilikuwa mifupi, ya miezi tu. Mtu aliacha mke na watoto kijijini, akafika mahali ambapo chakula, hali ya hewa na desturi zote zilikuwa ngeni kwake. Walilala wakiwa wamesongamana. Kichomi, homa ya matumbo na kuhara damu viliwaua wengi, na homa kuu ya mwaka 1918 ikaongeza makaburi. Wengine walitoroka usiku na kuacha hata ujira wao. Katika hesabu za kampuni mtu alikuwa kama kuni: zikiisha huletwa nyingine. Hatuwezi kusema kwamba wakuu wote wa wakati huo walikuwa watu wakatili kwa tabia. Ila mpango wenyewe wa kazi haukuwadai kuwajali watu, kwa sababu aliyekufa au kutoroka aliweza kubadilishwa na mwingine.

MKATABA WA MIAKA MITATU

Kufikia mwaka 1928 mambo yalikuwa yamebadilika. Vijiji vilikuwa vimechoka kutoa vijana, na serikali ya kikoloni ikaanza kuweka mipaka. Huko kusini Waingereza walikuwa wanafungua machimbo yao ya shaba, na watu wa Rhodesia ya Kaskazini wakawa na kazi karibu na kwao. Tena mitambo mipya ilihitaji mfanyakazi mwenye ujuzi, na ujuzi hauji kwa miezi sita. Kampuni ikafanya hesabu upya, ikaona kwamba mtu anayekaa ni nafuu kuliko mtu anayepita. Ikaanzisha mkataba wa miaka mitatu, ikawaita wafanyakazi walete wake zao, na ikaanza kujenga kambi za familia.

Msimamizi mkuu wa siasa hiyo alikuwa daktari Mbelgiji, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha maelezo ya matokeo ya miaka ishirini ya kazi hiyo. Na kwa kweli matokeo yalikuwapo. Nyumba zilijengwa kwa matofali. Zahanati zilifunguliwa, wakunga wakawekwa, watoto wachanga wakapimwa uzito na kupewa maziwa. Wamisionari wa Kikatoliki waliendesha shule katika kambi. Vifo vilipungua sana, na kambi ambazo zamani zilikuwa mahali pa kufia zikawa mahali pa kuzaliwa. Haki inatutaka tuyataje mema haya bila kuyapunguza. Mama aliyejifungua salama katika zahanati ya kampuni hakuwa na sababu ya kuuliza maziwa yale yalitolewa kwa nia gani.

Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza. Katika kambi zile, kila kitu kilikuwa mkononi mwa mtu mmoja: nyumba, chakula, shule, matibabu na kazi. Mkuu wa kambi alijua nani ameoa, nani amegombana na mkewe, nani amechelewa kulala. Mtoto alifundishwa kadiri kampuni ilivyohitaji, si zaidi. Kazi za ufundi wa juu na za amri zilikuwa za Wazungu. Chama cha wafanyakazi Waafrika hakikuruhusiwa. Na mtu akifukuzwa kazi, hakupoteza mshahara tu. Siku hiyohiyo alipoteza paa, chakula cha watoto wake na dawa yao.

Hapa inafaa tulitazame neno posho, ambalo wafanyakazi walilitumia kwa mgao wa chakula uliotolewa na kampuni. Aliye peke yake alipata posho ya mtu mmoja. Mwenye mke na watoto alipata zaidi. Ukichunguza hesabu, utaona kwamba posho ilikuwa sehemu ya malipo ya kazi. Kama kampuni isingetoa unga, ingelazimika kutoa fedha za kununulia unga. Hata hivyo, malipo yale yaligawiwa kana kwamba ni zawadi ya baba kwa wanawe. Mfanyakazi alipokea jasho lake mwenyewe, naye akatarajiwa kushukuru. Huo ndio msingi wa mambo yote yaliyofuata: kilichokuwa haki kilivishwa vazi la hisani.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana upesi. Bei ya shaba ilipoanguka katika mdodoro wa uchumi wa dunia ulioanza mwishoni mwa mwaka 1929, kampuni ilifunga machimbo na kuwarudisha maelfu ya wafanyakazi vijijini. Kufikia mwaka 1932 waliobaki walikuwa chini ya nusu. Walikuwa wameambiwa kwamba wao ni jamaa moja, na kwamba waje na wake zao wakae. Basi jamaa hiyo ilivunjwa na bei iliyopangwa katika masoko ya ng'ambo, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza wakuu kwa nini.

DESEMBA 1941

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Ubelgiji ilitekwa na Wajerumani mwezi Mei 1940, lakini Kongo ikabaki upande wa Waingereza na washirika wao. Shaba ya Katanga ikahitajika kuliko wakati wowote. Uzalishaji ukapandishwa, saa za kazi zikawa nzito, na bei ya nguo na vitu vya dukani ikapanda, kwa kuwa bidhaa za Ulaya ziliadimika. Wafanyakazi wa Kizungu waliunda chama chao na kudai nyongeza ya mishahara. Waafrika waliyaona hayo kwa macho yao. Mwanzoni mwa Desemba 1941 mgomo ulianza katika sehemu za Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi, kisha ukafika Elisabethville.

Tarehe 9 Desemba wagomaji wa Lubumbashi walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Miongoni mwao alikuwapo Léonard Mpoyi, mtu aliyesoma, ambaye wenzake walimchagua awasemee. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja mwenyewe kuzungumza nao. Dai lao lilikuwa nyongeza ya ujira. Jibu lilikuwa amri ya kurudi kazini. Mpoyi alipigwa risasi akafa, na masimulizi ya wafanyakazi yanasema kwamba ni gavana mwenyewe aliyempiga. Kisha askari wakaufyatulia umati. Hesabu ya serikali ilitaja wafu 48 na majeruhi 74. Katika kumbukumbu za watu wa Lubumbashi wafu ni wengi zaidi.

Tutafakari jambo hili kwa utulivu. Waliouawa hawakuwa watu waliotelekezwa. Walikaa katika nyumba za kampuni, watoto wao walikunywa maziwa ya kampuni, wake zao walizalia katika zahanati za kampuni. Kwa mtazamo wa wakuu, mgomo ule ulikuwa utovu wa shukrani. Waswahili wana methali isemayo kwamba fadhila za punda ni mateke, na hapana shaka kwamba wengi wa mabwana wale, kama wangeijua, wangeitumia siku hiyo. Lakini methali hiyo inahitaji kugeuzwa upande wa pili. Nani alibeba mzigo? Ampaye punda majani baada ya kumbebesha shehena hajamfanyia fadhila. Amemlipa sehemu ndogo ya anachomdai. Wafanyakazi wa mwaka 1941 hawakukataa maziwa wala nyumba. Walitaka wasikilizwe juu ya kima cha ujira wao. Na hilo, kati ya yote ambayo kampuni ilikuwa tayari kutoa, ndilo pekee ambalo haikuwa tayari kulitoa.

Mwaka 1946 sheria ya kikoloni iliruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika, chini ya uangalizi mkali, na mabaraza ya wafanyakazi yakaundwa katika makampuni. Hatua hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya namna nyingine kabisa na zahanati. Zahanati ilimpa mfanyakazi dawa. Baraza, hata likiwa dhaifu, lilimpa nafasi ya kuuliza.

NYUMA YA NYUMBA YA BWANA

Si wote waliofanya kazi katika tanuru. Katika mji uleule waliishi maelfu ya wapishi, maboi, madobi, watunza bustani na walinzi wa usiku, waliohudumia nyumba za Wazungu. Wengi wao walilala katika kibanda kidogo nyuma ya nyumba ya bwana. Hao hawakuwa na mkuu wa kambi, lakini pia hawakuwa na zahanati ya kampuni wala shule yake. Hali yao ilitegemea tabia ya mtu mmoja tu: bwana akiwa mwema, mtumishi alikula, bwana akiwa mkali, mtumishi aliumia, na bwana akirudi Ulaya, utumishi wa miaka mingi uliweza kuishia kwenye barua ya sifa.

Kwa bahati njema, watumishi hao wametuachia maandishi, na yameandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani wa Elisabethville kilitoa kijitabu juu ya historia ya mji wao, kilichotungwa na André Yav. Si Kiswahili cha vitabu vya sarufi. Ni Kiswahili cha Katanga, chenye maneno ya Kifaransa na ya lugha za huko, kilichoandikwa bila kufuata kanuni za tahajia. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian na wenzake walikichapisha pamoja na tafsiri. Humo mji unasimuliwa na wale waliopika, waliofua na waliosikia mazungumzo ya mezani wakiwa wamesimama nyuma ya viti. Sisi walimu wa Kiswahili tunastahili kukijua kijitabu hicho, si kwa ajili ya kusahihisha tahajia yake, bali kwa sababu ni miongoni mwa historia chache za mji wa kikoloni zilizoandikwa na watumishi wenyewe kwa lugha yetu.

Tunakitaja hapa kwa sababu kinatukumbusha kwamba dhima ya tajiri si jambo la makampuni makubwa peke yake. Yeyote anayemwajiri mtu wa kumpikia, kumlelea mtoto au kumlimia shamba, huyo ni tajiri kwa maana ya pili ya neno. Wengi wetu tunaosoma taarifa hii tumo katika kundi hilo, ingawa mishahara yetu ni midogo. Tunampa msichana wa kazi nguo iliyochakaa na kujiona wakarimu, huku mshahara wake wa mwezi umechelewa. Nguo ile ni hisani, na hisani ni jambo jema. Mshahara ni deni.

BABA AFILISIKA

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kampuni ililipa kodi zake kwa serikali ya Tshombe, na fedha hizo zikawa nguzo ya utawala wake mpaka utengano ulipokomeshwa Januari 1963. Hilo pia lihesabiwe tunapopima dhima ya kampuni kwa jamii. Haifai kuyahesabu maziwa ya watoto tu, tukaacha kuuliza kodi ilikwenda kwa nani na ilinunua nini.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu iliyachukua machimbo, na kampuni ya taifa iliyoundwa baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Wenye mali walibadilika, lakini desturi ya baba na wana iliendelea. Gécamines ilikuwa na shule zake, hospitali zake na mgao wake wa unga, na wafanyakazi waliizoea kama baba na mama. Uzalishaji wa shaba ulifikia takriban tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kisha mambo yakaharibika. Fedha za kampuni zilikuwa zimenyonywa na watawala kwa miaka mingi, mitambo haikutengenezwa, na Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya sehemu moja ya kumi ya kiwango cha zamani.

Mishahara ikacheleweshwa kwa miezi mingi. Mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mara moja, ambayo wengi waliyaona madogo mno kwa utumishi wa maisha yao. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliwaita wafanyakazi hao wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na maneno hayo akayafanya jina la kitabu chake cha mwaka 2001. Msiba wao ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu aliyepoteza kazi tu. Kwa kuwa kila kitu kilitoka kwa baba mmoja, baba alipofilisika shule, hospitali na chakula vilitetereka pamoja. Hisani ya miaka mingi haikuwa imewajengea haki imara ambayo wangeweza kuidai kwa mwingine.

Kuna upande mwingine wa neno hili baba usiostahili kusahaulika. Mwaka 1953, katika kambi ya wafanyakazi karibu na Kolwezi, padri Placide Tempels na waumini wake walianzisha mwendo wa kidini ulioitwa Jamaa, ambao wafuasi wake waliitana baba na mama. Lugha yao ilikuwa Kiswahili. Hapo maneno yaleyale ambayo kampuni iliyatumia kutoka juu kwenda chini yakatumiwa na watu wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akiwa baba au mama, na kila mmoja akiwa na wajibu kwa mwenzake. Yaelekea walielewa kwamba ujamaa wa kweli hauwezi kuwa na baba mmoja na watoto elfu ishirini.

FUNZO KWA WAKATI WETU

Jambo hili halijaisha. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, na machimbo makubwa sasa yamo katika majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, madini yanayotumika katika betri za simu na za magari ya umeme. Pembeni mwa makampuni makubwa wako wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa sururu na kamba, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto walikuwa miongoni mwao. Makampuni yanayonunua madini hayo hutoa vitabu vizuri vyenye picha za shule na visima walivyojenga. Visima ni vyema. Watu wenye kiu hawavidharau. Lakini historia tuliyoisimulia inatufundisha tusome vitabu hivyo kwa swali moja mkononi: Je, mtu aliyepewa kisima anaweza kuhoji mshahara, vumbi na kodi bila kuadhibiwa?

Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2018 iliichagiza kila kampuni ichangie kiasi kisichopungua asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka machimbo. Asilimia hiyo ni ndogo, na sheria haitekelezwi kwa kuandikwa tu. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa ya maana. Kinachotolewa kwa amri ya sheria si zawadi. Ni deni lenye kima, na mdai wake anajulikana. Mwanakijiji haji tena akiwa na kofia mkononi kuomba. Anakuja na hesabu.

Methali husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni methali nzuri, nasi tunaifundisha darasani kila mwaka. Lakini inahusu kutoa, haihusu kulipa. Inafaa tuwaonyeshe wanafunzi wetu mpaka huo kwa maneno ambayo lugha yetu inayo tayari: hisani ni wema ambao mtoaji aweza kuutoa au kuuacha, na akiutoa hustahili shukrani, haki ni kitu ambacho mwenyewe aweza kukidai, na wajibu ni haki ileile ikitazamwa kutoka upande wa yule anayedaiwa. Jamii inayoyachanganya maneno haya matatu itamsifu tajiri anayetoa maziwa na kuzuia ujira, na itamwita mkosefu wa shukrani yule anayeuliza. Walioanguka uwanjani mwaka 1941 waliufahamu mpaka huo bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Wajibu wetu, ndugu walimu, ni kuhakikisha kwamba watoto tunaowafundisha hawatalazimika kujifunza somo hilo kwa gharama ileile. Na kwa upande wetu wenyewe, kila mwisho wa mwezi, kabla ya kumtafutia mtumishi wa nyumbani zawadi, tukumbuke kwamba dawa ya deni ni kulipa.